Kujiandaa na Mtihani wa ACLS: Kariri Saa Kabla ya Dawa

Mtihani wa ACLS, yaani mafunzo ya juu ya kuokoa mgonjwa ambaye moyo wake umesimama au uko hatarini, huwaangusha hata wauguzi na madaktari wenye mikono mizuri kazini. Waulize kipimo cha adrenalini, watakujibu papo hapo. Waulize dozi ya pili inaingia baada ya mshtuko wa umeme wa ngapi, au nani anakandamiza kifua wakati mashine inachaji, hapo wanaanza kutafuta maneno. Kozi hii, kama inavyofundishwa na American Heart Association na vituo vinavyotumia mtaala wake, hupima mpangilio na muda kuliko inavyopima kumbukumbu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na saa. Dawa za moyo uliosimama zote zimefungwa kwenye mizunguko ya dakika 2, na ukiushika mzunguko huo, vipimo vinakaa kichwani vyenyewe.

Unachokwenda kupimwa

Kabla ya darasa kuna jaribio la mtandaoni la kujipima lenye sehemu tatu: kutambua midundo ya moyo, dawa, na maamuzi ya vitendo. Unatakiwa upate angalau asilimia 70, na uthibitisho wake huonyeshwa siku ya kozi. Unaweza kulirudia mpaka upite, na hapo wengi hukosea: wanalirudia mpaka wanakariri majibu, halafu wanadhani wameelewa. Lifanye mara ya kwanza bila kusoma kitu. Alama za kila sehemu zitakuonyesha pa kutumia muda wako.

Siku ya kozi kuna vituo vya vitendo: CPR (kukandamiza kifua na kumpumulisha mgonjwa) ya kiwango cha juu pamoja na AED (mashine ya kushtua moyo inayomwongoza mtumiaji), kusimamia njia ya hewa, na megakodi, yaani kesi ndefu ambamo wewe ndiye kiongozi wa timu na hali ya mgonjwa inabadilika mikononi mwako. Mtihani wa kuandika una maswali 50 ya kuchagua jibu, na wa kupita ni asilimia 84, maana yake unaruhusiwa kukosa maswali 8. Unaruhusiwa kufungua kitabu na notisi zako, ila si kuulizana na jirani. Ruhusa hiyo isikulaze. Kitabu husaidia kuhakikisha namba moja au mbili. Asiyejua mgonjwa yuko hatua gani hajui hata afungue ukurasa upi.

Jambo moja la kufanya leo hii: hakikisha kitabu chako ni toleo lile lile linalotumika kwenye kozi yako. Notisi za kurithishana ni chanzo kikubwa cha makosa. Atropini kwa moyo unaopiga polepole iliandikwa miligramu 0.5 kwa miaka mingi. Mwongozo wa 2020 uliipandisha hadi miligramu 1, na bado kuna karatasi zinazozunguka zenye namba ya zamani. Joto la mwili baada ya mapigo kurudi nalo limebadilika: mwaka 2020 iliandikwa nyuzi 32 hadi 36 za Selsiasi, na mwaka 2023 kiwango kikapanuliwa hadi 37.5. Ukikuta kitabu na karatasi ya rafiki vinapingana, fuata kitabu cha kozi yako.

Kifua kwanza

Anzia kwenye CPR hata kama unaifanya kila wiki. Mkaguzi anaangalia vitu vichache, tena anavipima kwa kifaa: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha angalau sentimita 5 bila kuzidi 6, kifua kiachwe kirudi juu kabisa kila mara, na pumziko lolote lisifike sekunde 10.

Mikandamizo 30 inapaswa kuchukua sekunde 15 hadi 18. Ukimaliza chini ya 15, una haraka mno, na mwenye haraka karibu kila mara huwa pia haachii kifua kirudi. Damu huingia moyoni wakati kifua kinaporudi juu. Ukikiegemea, unasukuma moyo mtupu. Kwenye mdoli wa mazoezi kosa hili halionekani kwa macho, ila kifaa kinalionyesha. Nyoosha viwiko, weka mabega juu ya viganja, na kama mdoli uko kitandani, panda kigoda au shusha kitanda. Anayekandamiza kwa mikono iliyokunjwa hupoteza kina kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Kitabu kinataka muda wa kukandamiza uwe angalau asilimia 60 ya muda wote, na lengo zuri ni 80 na kuendelea. Piga hesabu mwenyewe uone pumzi mbili zinavyoila hiyo asilimia. Seti ya mikandamizo 30 kwa sekunde 18, halafu sekunde 10 za kuhangaika na mfuko wa kupumulisha: sekunde 18 kati ya 28, sawa na asilimia 64. Pumzi hizo hizo zikichukua sekunde 4, unafika asilimia 82. Tofauti hiyo yote iko kwa anayeshika barakoa. Kwa hiyo fanya mazoezi na mtu wa pili, na mpime muda wa pumzi kwa saa.

Kila pumzi ichukue sekunde 1, na kiasi chake kitoshe tu kukiinua kifua kionekane. Kupuliza kwa nguvu au kwa haraka huongeza shinikizo ndani ya kifua, damu inashindwa kurudi moyoni, na tumbo linajaa hewa mpaka mgonjwa anatapika. Swali la aina hii hutokea mara kwa mara, na jibu huwa ni kupunguza kasi ya pumzi. Mgonjwa akishawekewa bomba la hewa, mnaacha kuhesabu 30 kwa 2: mikandamizo inaendelea bila kukatika na pumzi moja inaingia kila sekunde 6. Mwenye mapigo ambaye hapumui naye hupewa pumzi moja kila sekunde 6.

Dakika 8 za kukariri neno kwa neno

Hii ndiyo sehemu ya kulala nayo. Mgonjwa ameanguka, hana mapigo, pedi zimebandikwa, na skrini inaonyesha fibrilesheni ya ventrikali, VF kwa kifupi, yaani vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka bila kusukuma damu, au takikadia ya ventrikali isiyo na mapigo, yaani vyumba hivyo vinakwenda kasi mno. Yote mawili yanatibiwa sawa.

Dakika 0: mshtuko wa kwanza. Kwa mashine nyingi za baifeziki (umeme huenda na kurudi) ni jouli 120 hadi 200 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Usipojua, tumia nguvu ya juu kabisa ya mashine. Mashine za zamani za monofeziki (umeme huenda upande mmoja tu) ni jouli 360. Mara tu umeme unapotoka, mikono inarudi kifuani. Hakuna kupapasa mapigo, hakuna kutazama skrini. Ndani ya dakika hizi 2 tafuta mshipa, ukishindikana ingia kwenye mfupa.

Dakika 2: tazama mdundo. Bado VF, mshtuko wa pili, rudi kifuani, na sasa adrenalini miligramu 1. Hapa ndipo pa kufikiria bomba la hewa na kapnografia, yaani kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi inayotoka.

Dakika 4: bado VF, mshtuko wa tatu, rudi kifuani, amiodaroni miligramu 300. Kama mnatumia lidokaini badala yake, ni miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito.

Dakika 6: mshtuko wa nne, rudi kifuani, adrenalini miligramu 1 tena.

Dakika 8: mshtuko wa tano, rudi kifuani, amiodaroni miligramu 150, au lidokaini miligramu 0.5 hadi 0.75 kwa kilo.

Umeona adrenalini inavyoingia kila baada ya mizunguko miwili? Hizo ni dakika 4, katikati kabisa ya agizo la kila dakika 3 hadi 5. Ukiipanga hivyo huhitaji saa ya pili. Adrenalini ina zamu yake na amiodaroni ina zamu yake. Kila dawa isukumwe na mililita 20 za maji ya chumvi, mkono uinuliwe kwa sekunde 10 hadi 20, kwa sababu damu iendayo kwa nguvu za mikono ya mtu haisafirishi dawa mbali.

Kati ya mzunguko na mzunguko kuna sekunde 15 za kuzishika kwa makini. Zikibaki sekunde 15, mwambie mwenye mashine achaji huku mikandamizo ikiendelea. Mwambie anayefuata kukandamiza asimame upande wa pili, mikono tayari. Mwingine aweke vidole kwenye mshipa wa paja au shingo kabla mikandamizo haijasimama, ili ikisimama ajue mara moja kama kuna mapigo. Ukifanya hivyo, pumziko lote linaisha kwa sekunde 5. Usipofanya, watu wanaanza kutafutana mbele ya mdoli na sekunde 10 zinapita mashine ikiwa haijachajiwa.

Skrini yenye mdundo mzuri na mgonjwa asiye na mapigo

Mstari bapa, yaani asistoli, na PEA, yaani umeme wenye mpangilio bila mapigo, havishtuliwi. Adrenalini inaingia mapema iwezekanavyo, haingoji mzunguko wa pili, kisha kila dakika 3 hadi 5. Hapo ndipo VF inapotofautiana na hivi viwili, na watunga maswali wanaipenda tofauti hiyo.

PEA huwanasa watahiniwa kwa sababu skrini inaweza kuonyesha mdundo wa kawaida kabisa wa mapigo 70 kwa dakika. Mtu anaona mdundo mzuri, anaomba kipimo cha presha. Papasa kwanza. Bila mapigo, hiyo ni PEA na mikono inarudi kifuani. Kwenye mstari bapa nako, hakikisha nyaya hazijachomoka na ongeza ukubwa wa mawimbi, kwa maana VF dhaifu hujificha ndani ya mstari unaodhani ni bapa.

Kinachomtoa mgonjwa kwenye PEA ni kuondoa chanzo, na vyanzo vimepangwa kwa herufi H na T za majina yake ya Kiingereza. Za H: upungufu wa damu au maji mwilini, upungufu wa oksijeni, asidi kuzidi kwenye damu, potasiamu kuwa chini au juu mno, na baridi ya mwili. Za T: hewa iliyonaswa kwa shinikizo kifuani, damu au maji yaliyoubana moyo, sumu au dawa zilizozidi, donge la damu mapafuni, na donge kwenye mishipa ya moyo wenyewe. Kuzitaja kama kasuku hakutoshi. Ambatanisha kila moja na alama yake na tiba yake: kifua kinachopumua upande mmoja na koromeo lililosogea, choma sindano kutoa hewa; mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, fikiria potasiamu na uagize kalsiamu; mboni ndogo kama ncha ya sindano na pumzi hafifu, fikiria opioidi na naloksoni. Kwenye megakodi mkaguzi huwa amepanda kidokezo mwanzoni mwa kesi. Kisikilize.

Kapnografia nayo ina kazi tatu za kukumbuka: kuthibitisha bomba liko kwenye njia ya hewa, kupima ubora wa mikandamizo, na kutangaza mapigo yamerudi. Namba ikiwa chini ya milimita 10 za zebaki, rekebisha mikandamizo kabla ya kitu kingine. Ikiruka ghafla hadi 40 hivi na kubaki huko, huenda moyo umeanza kupiga wenyewe.

Kusoma karatasi ya ECG bila kubahatisha

ECG ni mchoro wa umeme wa moyo. Uliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila karatasi. Kasi ni ngapi? Mpangilio upo au haupo? QRS, yaani alama ya umeme wa vyumba vya chini, ni nyembamba au pana? Mawimbi ya P, ya vyumba vya juu, yapo, na kila P ina QRS yake?

Karatasi ikienda kwa kasi ya kawaida ya milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.20. Kwa mdundo wenye mpangilio, gawa 300 kwa idadi ya viboksi vikubwa kati ya QRS mbili. Kwa usio na mpangilio, hesabu QRS ndani ya viboksi vikubwa 30, yaani sekunde 6, kisha zidisha kwa 10. QRS ni pana ikifika viboksi vidogo 3.

Vizuizi vya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini ndivyo vinavyochanganya zaidi. Kizuizi cha daraja la kwanza: PR, yaani muda toka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, imezidi sekunde 0.20 na haibadiliki, hakuna QRS inayopotea. Daraja la pili lina aina mbili. Mobitz I: PR inazidi kurefuka mpaka QRS moja inapotea. Mobitz II: PR haibadiliki, halafu QRS inapotea bila kubisha hodi. Daraja la tatu: P zinakwenda zake, QRS zinakwenda zake, kila kundi kwa kasi yake. Mtego wa kawaida ni kuiita daraja la tatu Mobitz I kwa sababu PR zinaonekana kubadilika. Pima umbali kati ya QRS na QRS: kama haubadiliki huku PR zikiyumba ovyo, ni daraja la tatu. Chukua kipande cha karatasi, weka alama za QRS mbili pembeni mwake, kisha kisogeze kwenye mdundo wote. Njia hii hushinda kukodoa macho.

Moyo wa polepole, moyo wa kasi

Michoro ya hatua ya hali hizi mbili ina njia panda moja: je, mdundo huu ndio unaomdhuru mgonjwa? Angalia presha iliyoshuka, fahamu iliyobadilika ghafla, dalili za viungo kukosa damu, maumivu ya kifua ya moyo, na moyo ulioshindwa kazi ghafla. Hakuna hata moja, una muda wa kufikiri. Ipo, unachukua hatua sasa.

Kwa moyo wa polepole, kwa kawaida chini ya 50 kwa dakika, anza na atropini miligramu 1, rudia kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi miligramu 3. Kwenye Mobitz II na daraja la tatu lenye QRS pana, atropini haitegemewi. Usipoteze muda kuingoja. Nenda kwenye kuuendesha moyo kwa umeme kupitia ngozi, au dopamini maikrogramu 5 hadi 20 kwa kilo kwa dakika, au adrenalini maikrogramu 2 hadi 10 kwa dakika. Unapouendesha moyo kwa umeme, ongeza miliampea mpaka kila alama ya umeme ifuatwe na QRS pana, kisha ongeza 2 za akiba. Halafu papasa mapigo kwenye paja. Shingoni misuli hurukaruka kwa umeme na kukudanganya kwamba kuna mapigo. Mtahiniwa anayesema "imeshika" kwa kutazama skrini tu hukosa alama hiyo.

Kwa moyo wa kasi, kwa kawaida 150 na kuendelea, mgonjwa aliyedhoofika hupewa mshtuko uliolandanishwa na QRS, na dawa ya kutuliza kwanza kama hali inaruhusu. Nguvu ya umeme fuata kitabu chako na mashine iliyopo. Bonyeza kitufe cha SYNC, uone alama juu ya kila QRS, kisha shikilia kitufe cha mshtuko mpaka umeme utoke, kwani mashine inangoja QRS. Mashine nyingi huzima SYNC zenyewe baada ya mshtuko, hivyo kwa mshtuko wa pili unaibonyeza upya. Na mgonjwa akiangukia VF wakati SYNC imewaka, mashine inaweza isitoe umeme kabisa: inatafuta QRS ambayo haipo. Zima SYNC, shtua. Mdundo mpana usio na mpangilio nao hushtuliwa bila kulandanisha, kama VF.

Aliye imara, mwenye QRS nyembamba na mpangilio, anza na kumwambia ajikaze kama anayesukuma choo, kisha adenosini. Adenosini inastahili mazoezi ya mikono. Nusu yake hupotea kwenye damu ndani ya sekunde 10, kwa hiyo ikiingia polepole inakufa kabla ya kufika moyoni. Tafuta mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko, si wa kiganjani. Unganisha mabomba mawili ya sindano, la dawa na la mililita 20 za maji ya chumvi, kwenye njia iliyo karibu kabisa na mgonjwa. Sukuma miligramu 6 kwa mpigo mmoja, maji yafuate papo hapo, inua mkono. Washa karatasi ya ECG kabla ya kusukuma. Mwambie mgonjwa kwamba atajisikia vibaya sana kifuani kwa sekunde chache, maana mdundo unaweza kusimama kidogo na anayepitia hali hiyo bila kuonywa hupata hofu kubwa. Isipofanya kazi, ya pili ni miligramu 12. Mwenye pumu, iepuke.

QRS pana kwa mgonjwa imara: amiodaroni miligramu 150 kwa dakika 10 ni jibu la kawaida, na mtaalamu aitwe. Mawimbi yanayojipindapinda kwenye mstari huku QT, yaani muda toka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa wimbi la T linaloifuata, ikiwa ndefu huhitaji magnesiamu gramu 1 hadi 2. Na usikimbilie dawa kwa kila kasi: mtu mwenye homa na mapigo 130 yenye P zinazoonekana vizuri anahitaji homa yake itibiwe.

Mapigo yakirudi, na kesi mbili fupi

Mapigo yakirudi, kesi haijaisha, na wengi hupoteza alama hapa kwa kushusha pumzi mapema. Anza na njia ya hewa na pumzi 10 kwa dakika, oksijeni ya kutosha bila kupitiliza, presha ya juu angalau 90 au ya wastani angalau 65, ECG ya nyaya 12 mara moja, kisha uliza: anafuata amri? Asiyefuata huingia kwenye udhibiti wa joto.

Shambulio la moyo: aspirini miligramu 162 hadi 325 itafunwe. Nitrogliserini isitolewe kama presha ya juu iko chini ya 90, kama upande wa kulia wa moyo umeathirika, au kama mgonjwa ametumia sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48. Mshipa ufunguliwe kwa puto ndani ya dakika 90 tangu afike, au dawa ya kuyeyusha donge ndani ya dakika 30.

Kiharusi: pima sukari, uliza mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi, na picha ya CT ifanyike ndani ya dakika 20. Dawa ya kuyeyusha donge inatolewa ndani ya saa 4.5 kwa anayestahili, presha ikiwa imeshushwa chini ya 185 kwa 110.

Njia ya hewa

Kituo hiki ni chepesi ukijua vipimo. Kifaa cha mdomoni kipimwe toka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya; kidogo mno kinausukuma ulimi nyuma, kikubwa mno kinaziba koromeo. Hakiwekwi kwa mtu anayetapika au kukohoa ukigusa koo. Cha puani kipimwe toka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio. Kufyonza kusizidi sekunde 10. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa na barakoa kabla ya kufikiria bomba.

Megakodi: sema kwa sauti

Mkaguzi ana orodha ya kuweka alama, na hawezi kuweka alama kwenye wazo lililobaki kichwani mwako. Ukitazama skrini, taja mdundo. Ukiamua dawa, taja jina, kipimo, njia na muda: "Adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa, sasa, kisha sukuma maji." Aliyeambiwa arudie, akimaliza atangaze: "Adrenalini miligramu 1 imeingia." Bila marudio hayo, hujui kama agizo lilisikika.

Kesi inapoanza, gawa kazi kwa majina kabla ya kitu kingine: wa kukandamiza, wa mashine, wa njia ya hewa, wa dawa, wa saa na kumbukumbu. Kisha simama miguuni pa kitanda na ubaki huko. Kiongozi anayeshika barakoa au kuvuta dawa huacha kuiona saa. Kabla ya mshtuko, sema kila mtu ajitenge, tazama kwa macho, na oksijeni iondolewe karibu na kifua.

Kesi nyingi hupita njia inayofanana: moyo wa polepole au wa kasi, kisha VF, kisha PEA, kisha mapigo yanarudi. Ukikwama, usinyamaze. Fanya muhtasari kwa sauti: "Tuko dakika ya sita, mishtuko minne, adrenalini mbili, amiodaroni moja. Kuna wazo lolote kuhusu chanzo?" Hilo linahesabiwa kuwa uongozi mzuri, na linakupa sekunde za kupata fikra. Ukikosea kipimo, kirekebishe hapo hapo kwa sauti na uendelee.

Maswali ya kuandika

Majibu manne mara nyingi ni matendo sahihi yote, tofauti ni wakati wake. Kabla ya kusoma majibu, jibu mawili: ana mapigo? Ni imara? Mgonjwa ana kasi ya 180, presha 70 kwa 40, amechanganyikiwa: adenosini iko kwenye majibu na ni dawa ya kweli ya kasi, lakini jibu ni mshtuko uliolandanishwa. Mshtuko umetoka sasa hivi: jibu ni kukandamiza, kamwe si kupapasa mapigo. Anakata roho kwa kuvuta pumzi moja moja na hana mapigo: huko si kupumua, anza CPR. Mjamzito aliyesimama moyo na mfuko wa uzazi umefika kitovuni: mfuko huo usukumwe upande wa kushoto kwa mikono huku CPR ikiendelea.

Wiki tatu zinatosha

Wiki ya kwanza ni ya jaribio la kujipima na ECG, karatasi 10 kila siku, kwa sababu macho hujifunza kwa kurudia kidogo kidogo. Wiki ya pili chora michoro ya hatua kwenye karatasi nyeupe bila kutazama, kisha linganisha na kitabu kwa kalamu nyekundu; ulichokiruka leo ndicho cha kwanza kesho. Wiki ya tatu weka saa ya simu ilie kila dakika 2, mpe mwenzako nafasi ya mkaguzi, na uendeshe kesi kwa mdomo ukiwa umesimama. Anayefanya kazi za usiku agawe nusu saa kabla ya zamu, asijidanganye kwamba atasoma baada yake.

Ukikosa alama kwenye mtihani wa kuandika, kwa kawaida utapewa toleo jingine. Ukirudishwa kwenye kituo cha vitendo, mwombe mkaguzi akuonyeshe ni kisanduku gani hakikuwekwa alama, ufanye hatua hiyo moja mara kadhaa na saa ikilia, ndipo urudie kesi nzima.